Shikamoo kwenye Pwani ya Mifupa

Ukishaiacha Henties Bay ukielekea kaskazini, pwani ya Namibia haina mti. Haina mnazi, haina mkoko, haina hata kichaka cha kumsitiri mtu aliyebanwa na haja. Mkono wa kulia jangwa, mkono wa kushoto Bahari ya Atlantiki, na juu ya vyote viwili ukungu uliotanda tangu alfajiri, usio na haraka ya kuondoka. Ilikuwa mwisho wa Novemba. Kwetu Pangani wakati huo watu wanahamia barazani kwa joto. Mimi nilikuwa nimevaa fulana mbili, sweta na koti la kuazima, na bado meno yaligongana.

Nilikwenda Namibia kwa semina ya kazi. Semina ikaisha mapema, siku ya ndege haijafika, nikasema mtoto wa Pangani hawezi kufika upande wa pili wa Afrika akarudi bila kuichungulia bahari ya huko. Windhoek ni mji safi na ghali, sina la kuongeza. Kilichonimaliza ni gari la kukodi. Dada wa kaunta alinitajia bei nikadhani ni ya wiki, kumbe ni ya siku. Kisha akanisomea bima kwa tabasamu zuri kabisa: inalipa gari likiibwa, inalipa likigongwa, ila hailipi matairi, vioo, sehemu ya chini ya gari, wala madhara ya mchanga. Nikamuuliza, nchi hii ina nini kingine zaidi ya mchanga? Akacheka, akanisogezea karatasi ya kusaini.

Swakopmund nililala chumba cha bei ya kuumiza roho ambacho hakikuwa na kitu chochote cha kupasha joto, na kifungua kinywa kilihesabiwa mbali. Tuyaache hayo.

Kabla ya Henties Bay kuna mabaki ya Zeila, meli ya uvuvi iliyokuwa imeuzwa kama chuma chakavu ikivutwa kwenda India, kamba ikakatika Agosti 2008 ikaja kulala pale kwenye mawimbi. Siku hizi ni makazi ya ndege aina ya mnandi, mamia kwa mamia, wamejipanga kwenye milingoti. Hata kabla sijafunga mlango, vijana watatu walikuwa wameshanizunguka na trei za mawe yanayometameta. Nilinunua moja ili waniache nipige picha. Halikusaidia, kwa sababu kila mmoja alitaka nimuungishe yeye pia.

Cape Cross ni harufu kwanza, macho baadaye. Inakupokea ungali ndani ya gari umefunga vioo. Sili zaidi ya laki moja wamelala wamebanana kwenye mawe, na msimu ule walikuwa wanazaa, kwa hiyo kila kona vichanga vyeusi vinalia, mama nao wanaitikia. Nilimtazama mmoja akitoka majini, akapita katikati ya watoto wasiohesabika akinusa huyu, anamsukuma yule kando, mpaka akampata wake na kulala ubavu anyonye. Hatua chache nyuma yake mbweha amekaa, anasubiri yule ambaye mama yake atachelewa.

Hapohapo ndipo Mreno Diogo Cão aliposimika msalaba wa mawe mwaka 1486. Mwaka 1893 Wajerumani waliung'oa wakaupeleka kwao, wakaacha nakala. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Berlin lilitangaza kwamba litaurudisha Namibia. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ambaye hadi leo anasimama katika jumba jingine la jiji hilohilo, anatazamwa kwa kiingilio. Yeye hajatangaziwa kitu.

Barabara ya kwenda mbele ni ya chumvi. Wameishindilia ikawa ngumu na nyeusi, ukiiangalia utasema lami, ila ukungu ukiilowesha inateleza. Ukifika lango la Ugab unakuta fuvu na mifupa miwili iliyopishana vimechorwa kwenye mageti, na mbavu za nyangumi zimesimamishwa kando. Pale ndipo hifadhi ya Pwani ya Mifupa inapoanza, na wanaopita tu bila kulala hawaruhusiwi kuingia baada ya saa tisa alasiri. Mama wa kibali aliangalia pasipoti yangu, akasema Tanzania ni SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo nalipa pungufu ya Mzungu. Katika safari nzima hiyo ndiyo bei pekee iliyonifurahisha.

Baada ya lango sikuona tena gari. Changarawe, mawe ya zambarau, vijimea vikavu vilivyong'ang'ania mawe ambavyo ukivimwagia tone la maji vinafunguka na kugeuka kijani mbele ya macho yako. Mvua hapa karibu haipo. Maji ya mkondo wa Benguela yanatoka kusini yakiwa baridi, na hewa ikipita juu yake inaishia kuwa ukungu. Baharini samaki tele, nchi kavu njaa tupu, na mstari unaotenganisha vitu hivyo viwili unauvuka kwa hatua moja. Mabaharia wa zamani waliosalimika meli zao zilipovunjika walikuja kufia kwenye mchanga huu huu, kwa kiu, mbele ya maji yasiyo na mwisho.

Nilikuwa nawaza hayo tairi la nyuma lilipopasuka.

Sikuwa na wasiwasi mwanzoni. Nikatoa spea, iko na upepo. Nikatoa jeki, inafanya kazi. Nikachukua spana, nikaivalisha kwenye nati, ikazunguka bure. Nikajaribu nati ya pili, ikazunguka bure. Ilikuwa spana ya gari jingine kabisa, kubwa kuliko nati zangu. Nilikagua chini ya viti, chini ya zulia, hadi kwenye kasha la karatasi za bima ile isiyolipa matairi. Simu haina mtandao. Nikajaribu kuivisha spana kitambaa ili ibane, kitambaa kikachanika. Nikajaribu sarafu. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikamtaja yule dada wa kaunta kwa majina ambayo mama yangu hajui kama nayajua.

Ukungu ulikuwa unasogea. Kuna wakati niliona mawimbi, kuna wakati niliyasikia tu. Na mawimbi yale hayana kupwa na kujaa kwa adabu kama ya kwetu, ambako maji yakitoka kina mama wanaingia kuokota pweza na yakirudi kila mtu anajua saa ngapi. Haya yanapiga tu, muda wote, na yakirudi nyuma yanaburuta mawe kwa kishindo. Nilikunywa maji kidogo. Nikala biskuti. Nikapima kwa macho umbali wa kurudi langoni nikaacha kupima.

Gari lilipotokea nilisikia injini kabla sijaona taa. Pikapu nyeupe ya zamani, fimbo ndefu za kuvulia samaki zimesimamishwa mbele kwenye bampa. Kijana ndiye anaendesha. Aliposimama, mlango wa abiria ukafunguliwa taratibu, akashuka mzee mrefu, kofia ya sufu, koti la mvua la njano, ndevu nyeupe tupu. Kwa nguvu ya mazoea, bila kukumbuka niko wapi, mdomo ulinitoka:

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba,” akasema.

Tukatazamana. Kijana wake alitutazama sote wawili. Nilidhani baridi imeniingia kichwani.

“Umetoka wapi, mwanangu?” Kiswahili chake kilikuja polepole, kila neno limetafutwa kwanza. Nikasema Tanzania. “Hilo nimeshalijua. Tanzania wapi?” Pangani, Tanga. Akatikisa kichwa. Pangani hakufika. Yeye ni mtu wa Kongwa, kule Dodoma.

Kijana, mjukuu wake, alinieleza kwa Kiingereza huku akitoa spana ya msalaba kwamba Tatekulu, ndivyo anavyomwita, huwaambia watu mambo ya Kongwa kila siku, na leo kwa mara ya kwanza amepata mtu asiyeweza kumkimbia.

Mzee alifika Tanzania katikati ya miaka ya 1960, kijana wa miaka ishirini aliyetoroka kaskazini mwa Namibia, akapita Botswana na Zambia. SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia, walikuwa na kambi yao Kongwa, jirani na kambi za wenzao wa FRELIMO, ANC na wengineo. Serikali ilikuwa imewapa eneo la kituo cha reli kilichoachwa baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza kufa. Wenzake waliotangulia kurudi ndio waliopigana na Makaburu huko Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, tarehe 26 Agosti 1966. Yeye alibaki kambini, baadaye akapelekwa Zambia, kisha Angola, akarudi kwao mwaka 1989, karibu na uhuru.

Tulitembea hadi ufukweni tukimwacha kijana na gurudumu. Mzee alinishika mkono, sikujua kama ni ili asianguke au ili nisikimbie. Mchanga wa pale una mabaka mekundu ya zambarau. Akachota, akanifunulia kiganja, nikaona chembe nyekundu kama za vioo, akasema ni vito vidogo visivyo na bei. Kulikuwa na pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi, imeng'arishwa na upepo, kubwa ya kutosha mtu kukalia. Akaikalia. Akaanza kuniuliza maswali.

Je, upepo wa Kongwa bado unavuma vilevile usiku? Watu bado wanasalimiana mbukwenyi? Mtama wanalima au wamehamia mahindi? Kuna mama alikuwa anauza maziwa ya mgando karibu na reli, yuko hai? Nikamwambia, Mzee, hata angekuwa binti wakati ule, leo ni bibi. Akasema anajua kuhesabu, ameuliza tu.

Mimi Kongwa sikuwahi kufika. Dodoma nimepita mara nyingi kwa basi, nikilala. Nilikaa pale kwenye baridi najibu maswali kuhusu nchi yangu kwa “nadhani” na “labda”, mbele ya mtu ambaye aliacha huko ujana wake na anazikumbuka njia za miguu.

Ili nisiendelee kuaibika nikamuuliza kuhusu meli. Aliijua habari ya Dunedin Star, meli ya Waingereza iliyokwama kaskazini zaidi Novemba 1942 ikiwa na watu 106. Ndege iliyotua kuwasaidia ikanasa mchangani. Tagi (meli ya kuvuta meli nyingine) iliyotumwa, Sir Charles Elliott, nayo ikapanda mwamba. Watu wa Dunedin Star wote walisalimika, wa mwisho wakitolewa na msafara wa magari uliopasua jangwa. Waliokufa ni mabaharia wawili wa tagi, Angus McIntyre na Mathias Khoraseb. “Waliokuja kuokoa,” akasema Mzee, na hapo akarudi kwenye Kongwa bila hata kuvuta pumzi: wenzake kadhaa wamezikwa kule. Je, makaburi yanafyekwa?

Sikuwa na jibu la hilo pia.

Kijana alipiga honi. Nati zote zimekazwa, spea imeshika. Nikatoa pesa, Mzee akaniangalia kwa namna iliyonifanya nizirudishe mfukoni haraka. Alinipa kahawa ya chupa na kipande cha nyama kavu, kisha akanipa kazi: nikirudi, niende Kongwa nikampigie picha kituo cha reli, makaburi, na mbuyu mmoja uliokuwa karibu na kambi ambao aliuchora kwa kidole juu ya vumbi la boneti yangu, matawi na yote. Wao walikuwa wanakwenda Terrace Bay kuvua kabeljou. Mimi niligeuza gari nikarudi Swakopmund, kwa mwendo wa pole, bila spea nyingine.

Windhoek dada yuleyule alinitoza tairi jipya, karibu dola elfu tatu za Namibia, na gharama ya kuosha gari juu yake. Nikamwekea spana mezani, nikamwonyesha kwamba si ya gari lake. Akakubali kuwa si yake. Akaniuliza, sasa ya kwao iko wapi? Nusura anitoze na hiyo.

Kongwa nimekwenda mwezi wa pili, kwa nauli yangu, mvua zimeshanyesha na nyasi ziko kiunoni. Kijana wa bodaboda alinizungusha nusu siku nzima. Makaburi niliyapiga picha, majengo ya zamani niliyapiga picha, na mibuyu niliipiga yote iliyo karibu kwa sababu kila mmoja unafanana na mchoro wa kwenye boneti. Nilimtumia mjukuu kwa simu. Baada ya siku mbili ikaja sauti ya Mzee mwenyewe, upepo mkali nyuma yake. Ananishukuru sana, Mungu anizidishie, mbuyu wenyewe ni ule wa picha ya nne, ila nimeupiga kwa upande wa barabara. Niende tena, nisimame upande wa reli.