Swali la Mama Mshauri

Muhula ule chuoni Maseno wenzangu waliniona mwenye bidii, maana tochi ya simu yangu ilikuwa ikiwaka hadi majogoo. Kumbe kitabu cha takwimu kilibaki ukurasa uleule. Miwa ya baba ilikuwa imevunwa bila malipo, karo haijakamilika, na nikifumba macho moyo unaenda mbio. Inaniuma hadi leo nikisikia mwanafunzi akisifiwa kwa kukesha.

Aliyening'amua ni kijana wa Bungoma tuliyekaa naye chumba kimoja.

"Ndugu yangu, huli, hulali. Twende kwa mshauri."

Nikamjibu huko ni kwa wendawazimu. Hakubishana. Alivaa viatu, akanisubiri mlangoni mpaka nikaona haya.

Nilitarajia mama mshauri aniulize alama au karo. Akauliza, "Mwanangu, unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi?" Alinieleza kwamba kijana wa umri wangu anahitaji usingizi wa saa 7 hadi 9, na kwamba kukosa usingizi huchochea sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo sonona hufukuza usingizi. Kisha, kwa sauti ileile: "Umewahi kutamani usiamke?"

Niliogopa. Siku hizo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kilihesabu jaribio la kujiua kuwa jinai. Mahakama Kuu ilikuja kukibatilisha Januari 2025. Wazo tu si kosa, lakini nani angenihakikishia? Nikasema ndiyo. Hakushtuka wala hakunihubiria. Alisogeza kiti karibu, akaniuliza ni nani nyumbani ninayeweza kumwambia, kisha akanipeleka mwenyewe kwa daktari.

Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema: niamke saa ileile hata kama nimelala vibaya, kahawa nisiinywe kuanzia mchana, usingizi ukikataa kwa dakika kama 20 niondoke kitandani, na kitanda kiwe cha kulala tu. Lakini chumba cha watu wanne, kitanda ndicho meza, ndicho kiti, ndicho kabati! Basi yule wa Bungoma akapanga masanduku yetu mawili chini ya dirisha, akayatandika leso. Hapo ndipo niliposomea, na ndipo nilipokaa usiku usingizi uliponikataa.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Niliendelea kwenda kwa mama mshauri hadi muhula ukaisha, na baba nilimwambia kwa simu, yeye akiwa shambani.