Skrubu nne shingoni, na cherehani bado inazunguka

Maumivu siyo yaliyonipeleka hospitali. Fundi cherehani gani hapa Ujiji haumwi shingo? Nilishtuka niliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikabadilisha miwani, wapi! Vidole vyenyewe vilikuwa havitii. Mara vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu, mara miguu inapepesuka kwenye njia tambarare.

Hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, wakanipa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kipimo cha MRI kilionyesha diski, kile kitakia laini, kati ya pingili ya 5 na ya 6 ya shingo imechakaa, na vijifupa vimeota pembeni, vyote vinaukandamiza ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Wengi wenye shingo iliyochakaa hupata nafuu kwa dawa na mazoezi. Mimi ugwe ulishabanwa, kusubiri kungeniharibu zaidi.

Niliposikia nitapasuliwa na kuwekwa skrubu, ufundi ukanipanda, nikauliza mpaka daktari akachukua karatasi akachora. Wanapasua mbele ya shingo, wanasogeza koromeo pembeni, wanatoa diski, wanapachika kipande cha mfupa kutoka nyongani, kisha bamba la titani, aina ya metali nyepesi, linabanwa kwa skrubu mbili juu, mbili chini. "Mzee," akasema, "skrubu zinashikilia tu. Kinachounga ni mfupa. Usipounga, skrubu hulegea." Nikamwelewa mara moja: ni pini tunazoshikizia kitambaa kabla ya kushona. Akaniambia pia upasuaji ni wa kuzuia hali isizidi. Nguvu zikirudi, ni faida.

Sigara akapiga marufuku, kwa kuwa inachelewesha mfupa kuunga. Hilo lilinitesa kuliko kisu.

Baada ya nusukaputi sauti ilikwaruza na kumeza kulikuwa shida. Samaki wetu mgebuka nilimsahau kwa muda, nikaishi kwa uji. Ndugu walichanga nauli ya ndege, maana barabara yote ile na kola ya hospitali ya kushikilia shingo nisingeiweza.

Nyumbani nilipandisha cherehani juu ya matofali ili kitambaa kinifuate machoni, nisikiinamie. Kukata nakata nimesimama, meza ndefu ya kifuani. Majora anabeba kijana wangu, na bodaboda sipandi. Vidole vimerudi, ila kidole gumba cha kushoto bado kizito.

Jirani aliniambia, "Fundi, na hicho chuma, radi za Kigoma zitakumaliza." Kliniki nikauliza. Daktari alicheka: titani haiiti radi. Hata hivyo, mawingu yakinguruma naingia ndani kama watu wote.