Nani Anauliza Bei ya Dagaa ya Juni 2071?

Tovuti yangu ni ndogo na haina makuu. Kila asubuhi naandika bei ya dagaa wakavu pale Mwaloni Kirumba, na pembeni nimeweka kalenda ya giza na mbalamwezi, kwa sababu dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi na mzigo sokoni hupungua. Wasomaji wangu ni wachuuzi na wasafirishaji, na wengi wao nawafahamu kwa majina. Kwa hiyo kaunta ya wageni ilipoanza kupanda kwa maelfu, nilijidanganya kwa siku kadhaa kwamba sifa zangu zimevuka ziwa. Kabla ya tarehe 20, kampuni inayonihifadhia tovuti iliniarifu kwamba kiasi cha data nilicholipia kwa mwezi kimekwisha, na tovuti ikafungwa. Mama mmoja ambaye husafirisha magunia kila wiki akanipigia simu: “Mwanangu, bei za leo ziko wapi?”

Jibu lilikuwa ndani ya logi ya seva, faili ambalo wenye tovuti wengi hawalifungui hata siku moja. Kila mstari wake unaonyesha anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) iliyoomba ukurasa, saa, ukurasa wenyewe, namba ya jibu la seva (403 ni “umekatazwa”, 404 ni “ukurasa haupo”), na jina ambalo mgeni amejitambulisha nalo. Nilipoipanga mistari hiyo kwa majina, walioongoza hawakuwa binadamu. Walikuwa AhrefsBot, SemrushBot, MJ12bot ya Majestic na DotBot ya Moz.

Hapa Mwanza ukisema boti, mtu anafikiria safari ya Ukerewe, kwa hiyo nitaziita programu hizi vitambazi. Kitambazi hufungua ukurasa, hukusanya viungo vilivyomo, kisha hufuata kila kiungo hadi ukurasa mwingine, na huendelea hivyo bila kuchoka. Googlebot na Bingbot nazo hufanya kazi hiyohiyo, lakini zinasomea injini za utafutaji, na huenda siku moja zikamletea mwenye tovuti msomaji aliyekuwa akitafuta bei ya dagaa. Vitambazi vya SEO, yaani kazi ya kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, vina mwajiri mwingine. Kampuni zinazovituma hutunza orodha kubwa za nani ameweka kiungo kwenda kwa nani, kisha huziuza kwa watu wa masoko wanaotaka kujua washindani wao wamepandaje kwenye matokeo ya utafutaji. Data yangu inaliwa ili mtu nisiyemjua apate ripoti yake. Sisemi kwamba ni wizi, maana kilichowekwa hadharani kimewekwa kisomwe, na mimi mwenyewe hutumia huduma ya bure ambayo Ahrefs huwapa wenye tovuti ili kukagua viungo vilivyovunjika. Lakini anayelipa ni mimi, na uamuzi wa nani aingie ninautaka uwe wangu pia.

Hata hivyo, nilipoendelea kusoma logi niligundua kwamba kosa kubwa zaidi nimelifanya mwenyewe. Chini ya kalenda niliweka kitufe cha “mwezi ujao”, na programu niliyoiandika ilikuwa tayari kutengeneza ukurasa wa mwezi wowote utakaoombwa. Binadamu hubonyeza mara mbili au tatu, na akishajua giza litaanza lini, anaondoka. Kitambazi hakina sababu ya kuondoka, kwa kuwa kila ukurasa mpya unakipa kiungo kipya cha kufuata. Nilikuta kimoja kimefika Juni 2071, kikiomba bei ya dagaa ya mwezi huo, na seva yangu, kwa utii wote, ikakitengenezea jedwali tupu. Mafundi huita hali hii mtego wa vitambazi, ijapokuwa anayenaswa ni mwenye tovuti. Maduka ya mtandaoni hunaswa kwa vichujio vya rangi, saizi na bei, maana kila mchanganyiko huzaa anwani yake. Kalenda yangu sasa inaishia miezi mitatu mbele, na badiliko hilo peke yake lilipunguza mzigo kuliko mengine yote niliyoyafanya baadaye.

Ndipo nikaandika robots.txt, faili la maandishi matupu linalokaa kwenye mzizi wa tovuti, ambalo kitambazi chenye adabu hulisoma kabla ya kugusa kitu kingine. Utaratibu huu ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukaendeshwa kwa kuelewana tu hadi mwaka 2022 ulipochapishwa kuwa kiwango cha intaneti, RFC 9309. Faili langu ni fupi; User-agent hutaja kitambazi, nyota ni kitambazi chochote, na Disallow hutaja sehemu ya tovuti kisiyoruhusiwa kusoma:

User-agent: *
Disallow: /tafuta/

User-agent: AhrefsBot
User-agent: SemrushBot
Disallow: /tafuta/
Disallow: /kalenda/
Crawl-delay: 10

User-agent: MJ12bot
User-agent: DotBot
Disallow: /

Nimerudia /tafuta/ kwa makusudi. Kitambazi kikikuta kundi lenye jina lake hufuata kundi hilo peke yake, na maagizo ya nyota hakiyaangalii tena; kutolijua hilo kulinipotezea siku mbili. Crawl-delay inakiomba kisubiri sekunde 10 kati ya ombi moja na jingine. Haimo katika kiwango chenyewe: Ahrefs na Semrush huiheshimu, Googlebot haiijali. MJ12bot na DotBot nimezikatalia kabisa kwa sababu ripoti zao sijawahi kuzihitaji. Matokeo hayaji papo hapo, kwani kitambazi kinaweza kutumia nakala kiliyonayo kwa hadi saa 24. Tena Disallow hukataza kusoma, haikatazi kuorodhesha: ukurasa uliozuiwa unaweza bado kutokea kwenye matokeo ya Google ikiwa tovuti nyingine zimeuwekea kiungo, na anayetaka uondoke kabisa hana budi kuuacha usomwe ukiwa na agizo la noindex, yaani “usiorodheshwe”.

Faili hili halimzuii mtu kwa nguvu, na jina ni rahisi kughushi. Mgeni mmoja aliyejiita Googlebot nilimkagua kwa kuuliza anwani yake ya IP ni ya kompyuta gani. Googlebot halisi hutoa jina linaloishia na googlebot.com, na jina hilo likiulizwa tena hurudisha IP ileile. Huyu alitoa jina la kampuni ya kukodisha seva. Wa namna hiyo nawajibu 403 kwenye seva yenyewe, ila robots.txt naiacha wazi kwa kila mtu, kwa sababu kitambazi kikinyimwa faili hilo kwa 403 kinaruhusiwa kudhani hakuna katazo lolote.

Mwezi uliofuata data ilitosha hadi siku ya mwisho, na kaunta ikarudi kwenye idadi yake ndogo ya watu ninaowajua. Bado yupo mmoja, asiyesoma tangazo na asiyetaja jina, ambaye kila baada ya siku chache huja usiku wa manane kuulizia Juni 2071. Namjibu 404.