Suruali iliyokuwa inaziharibu buti zangu

Kipupwe cha Julai hapa Tabora asubuhi kinauma, nikanunua kwenye mitumba buti za kahawia zenye nakshi ya vitobo. Asili yake ni Ireland na Uskoti. Zamani vitobo vilitoa maji yaliyoingia kiatuni mtu akipita matopeni, siku hizi ni urembo tu. Lakini suruali yangu pana ilijikunja juu ya shingo ya buti, miguu ikaonekana mizito. Fundi cherehani akaibana kuanzia gotini, akapandisha pindo hadi likagusa shingo ya buti kidogo tu. Hapo zikatulia! Navalia kadeti ya bluu iliyokoza, soksi nzito na sweta la kijivu. Kwa suti ya kung'aa, hapana kabisa. Vumbi likijaa vitoboni, nalitoa kwa mswaki mkavu kabla ya kupaka dawa ya viatu.