Wigan ya 2013 haijanitoka kichwani

Mtu akiniambia Kombe la FA la Uingereza halina maana, namwambia akaitafute Wigan ya 2013. Timu inapigania kutoshuka daraja, halafu inaenda kwa Everton robo fainali na kupiga tatu ndani ya dakika tano! Nusu fainali, Millwall wakala mbili.

Fainali ni Mei 11, Wembley, dhidi ya Manchester City ya kina Agüero na Yaya Touré. Banda umiza letu la kutazamia mpira lilifurika, na Wigan tulikuwa mimi na muuza kahawa tu. Wengine walikuja kuhesabu mabao ya City (waliniudhi kweli!). Dakika ya 84 Zabaleta wa City akala nyekundu. Dakika za majeruhi, Maloney wa Wigan akachonga kona, Ben Watson akaruka nguzo ya karibu, kichwa, wavuni, kombe la Wigan! Na huyo alitokea benchi, msimu huohuo alikuwa amevunjika mguu. Muuza kahawa akanikumbatia na birika mkononi, nikaungua kiwiko wala sikujali.

Siku tatu baadaye Arsenal wakaichapa Wigan 4-1, ikashuka daraja. Mimi bado ningechagua kombe.