Nilivyoshona themu ya kampuni ya mlima, hapa Moshi

Kampuni hiyo ni ndogo, inapandisha wageni Kilimanjaro, na tovuti yake ya WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti) ilikuwa kwenye themu, yaani vazi la tovuti, ya kununua yenye slaida na madoido chungu nzima. Jirani yao alinunua ileile. Mama mwenye kampuni akaniambia, "Mwanangu, mgeni akifungua hizi mbili hajui yupo kwa nani."

Wengi tungeanza na themu-mtoto: folda mpya, style.css (faili la mitindo ya mwonekano) yenye mstari wa Template unaotaja themu mama, halafu unabadilisha unachotaka bila masasisho kufuta kazi yako. Inafaa themu mama ikiwa nyepesi. Hii ilikuwa nzito, na themu-mtoto inarithi uzito wote. Nikaamua kujenga themu ya bloku, ambayo kurasa zake zote hupangwa kwa vipande viitwavyo bloku, kuanzia sifuri, jambo linalowezekana tangu toleo 5.9 la WordPress la Januari 2022. Ili WordPress iitambue, inahitaji style.css na templates/index.html tu. Mengine mengi yanakaa kwenye theme.json, faili la mipangilio ya themu kama rangi na fonti.

Hapo kwenye theme.json ndipo nilipokaa sana. Rangi nilizitoa kwenye picha zao wenyewe: buni iliyokaangwa, migomba ya Marangu, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nikaziita kahawa, mgomba na theluji. WordPress inazigeuza yenyewe kuwa --wp--preset--color--mgomba, kwa hiyo hata ndani ya CSS nasoma Kiswahili, raha tupu.

Kurasa wanaandika wafanyakazi wa ofisini, na sikutaka siku moja nikute zambarau kwenye njia ya Machame. Chini ya settings, kwenye color, ukiweka custom kuwa false, kile kisanduku cha kuchanganya rangi yoyote kinaondoka. Weka na defaultPalette kuwa false, rangi za WordPress nazo zinajificha. Zinabaki zetu. Kuna watakaoona ni ubabe. Mimi naona ndiyo kazi niliyolipwa.

Picha ya juu ilinisumbua zaidi. Mama alitaka Kibo ijae skrini, kichwa cha habari kiwe cheupe. Cheupe juu ya theluji! Nilitumia bloku ya Cover, inayoweka maandishi juu ya picha, na kivuli cha rangi ya kahawa juu ya picha, nikakikoleza hadi maandishi yakavuka uwiano wa 4.5 kwa 1, kati ya mwangaza wa maandishi na wa kilicho nyuma yake, unaotakiwa kwa maandishi ya kawaida na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote. Mlima bado unaonekana, na maneno yanasomeka hata juani.

Fonti sikupakia yoyote, nilitumia zile zilizomo kwenye simu. Waongozaji wao nao huifungua, na bando si la kuchezea.

Mama alipoiona alitaka nembo iongezwe kidogo, basi. Sasa tuko kwenye kurasa za Kijerumani, na maneno yao yanafurika nje ya vitufe, itabidi nivipanue.