Tulivyoleana Sisi Wenyewe

Wiki hii, ndani ya basi la watumishi linalotoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kurudi Dodoma mjini, wenzangu wawili wa kazini walibishana kuhusu nafasi ya kuzaliwa. Mmoja alishikilia kwamba kifungua mimba huzaliwa na uongozi wake, kitinda mimba huzaliwa na deko lake, na wa katikati huzaliwa ili asahauliwe. Mwenzake, ambaye ni kitinda mimba na ndiye mkuu wa kitengo chetu, alicheka akasema, "Basi mimi nilikosea foleni." Mimi ni wa tatu kati ya watoto watano, katikati kabisa, na kwa kuwa basi lilikuwa limejaa kelele sikuchangia neno. Ninayaandika hapa yale ambayo ningependa kuyasema.

Imani hiyo si ya kwenye basi peke yake. Alfred Adler, daktari wa Vienna aliyefariki mwaka 1937, alifundisha kwamba mtoto wa kwanza huishi kama mfalme hadi siku mdogo wake anapozaliwa, ndipo anapovuliwa enzi, na jinsi anavyolipokea pigo hilo huchangia kumfanya awe mtu wa namna fulani. Ni wazo linalovutia, hasa kwa kuwa kila mmoja wetu anaweza kupata mfano wake katika ukoo, lakini lilipopimwa kwa watu wengi halikusimama vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichambua takwimu za watu zaidi ya 20,000 kutoka Marekani, Uingereza na Ujerumani, na hawakuona kwamba kuzaliwa wa kwanza au wa mwisho kunaacha alama ya kudumu katika tabia kama uchangamfu, utulivu wa moyo au uwajibikaji. Kilichobaki ni tofauti ndogo tu katika majaribio ya akili, ambako wakubwa waliwazidi wadogo kidogo.

Hiyo tofauti ndogo ndiyo inayonivutia, kwa sababu ya jambo lililoonekana Norway. Mwaka 2007 Petter Kristensen na Tor Bjerkedal walichapisha matokeo ya vijana takribani 240,000 waliopimwa akili walipoitwa jeshini. Vifungua mimba waliwazidi wanaowafuata kwa alama mbili au tatu hivi. Lakini kijana aliyezaliwa wa pili, ambaye mkubwa wake alifariki akiwa mchanga, alipata alama zinazolingana na za kifungua mimba. Kama jambo hili lingeanzia tumboni mwa mama, kifo cha mkubwa kisingebadilisha chochote. Kilichohesabika ni nafasi ambayo mtoto aliishika nyumbani, na nafasi inaweza kuhama kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine.

Sasa, nyumbani kwetu Kongwa nafasi ilikuwa na maana gani? Ilikuwa kazi. Hakuna aliyewahi kukaa chini akatueleza kwamba mkubwa ni nani na mdogo anapaswa kumheshimu vipi. Tuligawiwa kazi, na kazi zikatupanga. Mwenye umri wa kubeba ndoo alichota maji, mwenye umri wa kufuata mbuzi alifuata mbuzi, na mtama ulipoanza kukomaa kila mwenye mkono wa kurusha jiwe alikwenda shambani kuamia ndege. Aliyewahi kuona kundi la kwelea kwelea likishuka kwenye shamba la mtama anajua kwamba kazi ile si mchezo, ingawa ina saa nyingi za kukaa bure juani.

Katika saa hizo ndipo dada yangu mkubwa aliponifundisha kusoma. Tulikuwa tumekaa juu ya dungu, yeye akiwa darasa la nne na mimi sijaanza shule, na kwa kuwa hatukuwa na karatasi aliandika juu ya paja langu. Ngozi ya mtoto wa Ugogo asiyepakwa mafuta hupauka, na ukipitisha kijiti juu yake hubaki mstari mweupe unaosomeka vizuri kabisa. Aliandika "mama", akaandika "kuku", akaniambia nisome kwa sauti, na nilipokosea alilamba kidole akaifuta herufi na kuiandika upya. Siku moja nilimuuliza kwa nini "ng'ombe" ana kile kialama hapo juu wakati "ngoma" hana. Hakujua. Alinyamaza kidogo, akanifokea kwamba ndege wanakula mtama, na kesho yake akamwuliza mwalimu wake ili aje anijibu. Alipolipata jibu alinieleza kwa madaha kana kwamba alikuwa akilijua tangu azaliwe.

Robert Zajonc, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa Poland, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kueleza kwamba mkubwa hunufaika kiakili kwa kuwa mwalimu wa mdogo, na kwamba kitinda mimba hukosa faida hiyo kwa kuwa hana wa kumfundisha. Wapo waliompinga kuhusu hesabu zake, nami sina uwezo wa kuamua ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba dada alilazimika kulielewa somo mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mwalimu na mara ya pili kwa ajili yangu, na hii ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu mimi nilikuwa sijui hata kuuliza vizuri. Huwa tunasema wakubwa hulea wadogo. Upande wa pili hausemwi mara nyingi: mdogo naye, kwa usumbufu wake, humkuza mkubwa.

Dada alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, aliacha nyuma kazi zote za msichana mkubwa, na aliyemfuata alikuwa mvulana. Mdogo wetu wa kike alikuwa bado mdogo mno kushika mwiko, na kitinda mimba alikuwa bado ananyonya. Hivyo kaka ndiye aliyepika ugali, ndiye aliyekaanga na kutwanga karanga za kutia kwenye mlenda, na ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kwa kanga ya mama huku wenzake wakicheza mpira. Alitaniwa, tena sana. Majirani wengine walimwambia mama kwamba anamharibu mtoto wa kiume.

Nilipokuja kusoma kazi ya Carol Ember, mwanaanthropolojia wa Marekani, niliona kwamba jambo lile lile lilitokea kwa majirani zetu wa Kenya magharibi. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1973, alifuatilia wavulana wa Kijaluo ambao, kwa kukosekana msichana wa umri unaofaa nyumbani, walipewa kazi zinazohesabiwa kuwa za kike. Aliona kwamba wavulana hao walikuwa na ubinafsi na ubabe mdogo kuliko wenzao, na zaidi ni wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba. Kaka yangu leo ni dereva wa Fuso, anayeweza kutukana kwa sauti ya kusikika hadi mizani. Lakini mkewe alipojifungua, aliegesha gari, akakaa nyumbani akifua nepi na kupika uji bila kuelekezwa na yeyote, na mama mkwe aliyekuja kusaidia alikuta kazi zimekwisha. Sidhani kwamba alizaliwa hivyo. Mpangilio wa kuzaliwa kwetu ulimweka jikoni, na jiko likamfundisha mambo ambayo mimi, niliyebaki na mbuzi, nimejifunza ukubwani kwa shida.

Kuhusu kitinda mimba nitasema kidogo tu. Watafiti, akiwamo Josef Perner na wenzake mwaka 1994, waliwahi kuonyesha kwamba watoto wa umri wa miaka mitatu na minne wenye ndugu huwahi kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo la kweli. Wa kwetu alilielewa hilo mapema mno. Akiwa bado hawezi kutamka "r", alikuwa tayari anahamisha karanga zilizofichwa na kaka, kisha anamsaidia kuzitafuta.

Ambalo silioni sana katika maandishi ya wataalamu wa Ulaya na Marekani ni ile nguvu ya ndugu inayokuja baada ya utoto. Kwao mada hii huishia mara nyingi pale mtoto anapokuwa kijana. Kwetu ndipo inapoanza kuwa nzito. Dada alimaliza kidato cha nne, akachukua cheti cha ualimu, na mshahara wake wa kwanza ukawa wa ukoo. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilikuja mwaka 2016, sisi tukiwa tumeshapita, na hata ambako ada haikuwa kubwa kulikuwa na lile orodha la mahitaji: godoro, tranka, shuka, ndoo, jembe, fagio, nauli. Vyote hivyo vilitoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Pamoja na fedha hiyo yalikuja mamlaka. Dada ndiye aliyenichagulia tahasusi ya HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, kwa hoja kwamba mimi napenda kusoma lakini sipendi maabara. Baba alisikilizwa kwa heshima, kisha ikafanyika kama dada alivyosema. Mdogo wetu wa kike alitaka kwenda kusomea ushonaji, akaambiwa amalize kwanza kidato cha nne; alimaliza, akashona, na leo ana mafundi wawili pale Majengo. Hadi sasa wawili hao husalimiana kwa adabu kubwa kuliko inavyohitajika. Dada mwenyewe aliolewa kwa kuchelewa kuliko rika lake, na hakuna kati yetu asiyejua sababu. Watu husifu mkubwa anayesomesha wadogo, nami namsifu wangu, lakini sifa hiyo hufunika hesabu ambayo haikuwahi kufanywa wazi: kwamba makuzi yetu wanne yalilipiwa na miaka ya mmoja.

Nayatazama haya nikiwa na watoto wangu wawili hapa Ilazo, katika nyumba yenye bomba la maji ndani, dada wa kazi na televisheni. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, nasi tumo humo humo. Sina hamu ya kuwarudisha wanangu kwenye ndoo na kwelea kwelea. Hata hivyo naona kwamba hakuna mmoja anayemhitaji mwenzake kwa jambo lolote la lazima; wanachoshirikiana ni rimoti, nayo wanaigombania. Mama, nilipomlalamikia kwa simu, alisema, "Waache wagombane, mwanangu, ila wasiumizane." Judy Dunn, Mwingereza aliyekaa majumbani mwa watu akiwasikiliza watoto wadogo wakibishana na ndugu zao, pengine angekubaliana naye, kwani aliona kwamba katika mabishano hayo mtoto hujifunza mapema sana kutoa sababu, kujitetea na kugusa pale panapomuuma mwenzake.

Likizo ya Juni watakwenda Kongwa kwa bibi yao. Kule watawakuta watoto wa baba yao mkubwa, na mpangilio utabadilika: binti yangu, ambaye hapa ndiye mkubwa na ndiye mwamuzi wa kila kitu, atakuwa chini ya dada mwenye miaka kumi na minne asiyependa mjadala, na mvulana wangu aliyezoea kuwa mdogo atakuta wadogo watatu wanaosubiri kuongozwa. Mama ameshagawa kazi kabla hawajafika. Binti atapepeta mtama, mvulana atawaogesha wale wadogo jioni. Mvulana ameniuliza kama hao wadogo watamtii, nami nimemwambia amwulize baba yake mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uzoefu.